Gari la Hajati la Kuzuia Risasi

Vijana wangu, juzi juzi mmoja wenu alinisimamisha pale kwenye maegesho ya malori Tunduma. Akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia dawa ya aibu. "Mzee Nzunda, bosi wangu anataka kununua gari la kuzuia risasi. Lile ambalo kwa nje ni la kawaida tu. Nimesikia wewe uliwahi kuliendesha. Nimshauri nini?"

Nilimwambia aje nyumbani Vwawa tukae tuongee. Hakuja, na simlaumu, najua foleni ya malori pale mpakani inavyokula siku za dereva. Kwa hiyo naandika. Yeye atasoma, na ninyi wengine mnaoshika usukani wa matajiri mtasoma.

Mimi ni Lameck Nzunda. Nimezaliwa na kukulia jirani na Mbozi Mission, kwenye familia ya kahawa na mahindi. Nilianza na malori, nikamalizia na magari madogo, na kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa dereva wa Hajati Zuhura. Wenyeji wa Tunduma wa umri wangu wanamkumbuka. Mama mnene kidogo, mcheshi, mwenyeji wa Kondoa, aliyekuja mpakani na mume wake wakauza mabati. Mume alipofariki aliendelea peke yake, akaongeza biashara ya nafaka. Alikuwa akiingia sokoni anasalimia kila mtu, Wazambia anawajibu kwa Kibemba chake cha kuungaunga, "Mulishani, mukwai!", na wao wanacheka mpaka wanampunguzia bei. Alinunua maharage Ndalambo, mpunga na ufuta bondeni huko Ivuna, na kila mahali alishuka mwenyewe, akachota nafaka kiganjani, akaitafuna punje moja. Hakumtuma mtu. Mdogo wake, Hamisi, ndiye aliyekuwa akimsaidia mizigo na magari, na mara nyingi tulisafiri watatu.

Siku iliyobadilisha mambo tulikuwa tunatoka Ndalambo, alasiri, jua bado kali. Kwenye kona moja ya vumbi nikakuta magogo yamelazwa barabarani. Nilipofunga breki, wanaume wakatoka kwenye mahindi. Mmoja alikuwa na bunduki. Nilitia gia ya kurudi nyuma, nikakanyaga mafuta, na huku narudi kinyumenyume nikasikia mlio, kioo kikamwagika mapajani mwangu. Sikuguswa. Aliyepigwa ni Hamisi, kwenye bega la kushoto. Nilirudi kinyumenyume umbali ambao hata leo siamini, mpaka nikapata pa kugeuzia, na Hajati kiti cha nyuma amemkumbatia mdogo wake kwa nyuma ya kiti, ameziba jeraha kwa mtandio, anasoma dua kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka.

Hamisi alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki kuning'inia. Hakuweza tena kuuinua kupita kifua.

Baada ya hapo Hajati aliacha kucheka. Alikuwa akitaka kusafiri anaahirisha, akisikia pikipiki nyuma yetu anageuka. Siku moja akaniambia ameagiza gari kutoka kusini, kupitia Zambia. Hamisi alikuwepo, akampinga hapo hapo.

"Dada, gari kama hilo ni la marais. Sisi wauza mabati litatusaidia nini?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo?" Hajati akamwangalia ule mkono.

Lilipofika, nilidhani wamemwibia. Gari kubwa jeupe, sawa kabisa na yale ya miradi yanayopita kila siku barabara ya Mbeya. Hakuna chochote cha kukuonyesha. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake: jambazi asijue, asijipange. Fundi aliyelileta, kijana mpole, alikaa nasi siku kadhaa kunifundisha. Akanionyesha kwamba ndani ya milango kuna mabamba ya chuma, vioo vina unene wa kitabu cha Biblia, na ndani ya matairi kuna pete ngumu ili hata yakitobolewa uendelee kukimbia kwa muda. Akaniambia kitu kimoja cha maana kuliko vyote: "Mzee, kwa macho ni gari ulilolizoea. Kwa miguu yako, hesabu kwamba unaendesha lori lililobeba mzigo siku zote."

Alisema kweli. Ukikanyaga breki kama ulivyozoea, unamfikia wa mbele yako. Pedi za breki zilikuwa zinaisha kama sabuni. Springi zililala, bawaba za milango zikaanza kushuka, na kila mara ilibidi ninyanyue mlango kwa goti ndipo ufunge. Kuegesha kwenye mlima ilikuwa vita: gari likiinama upande wa chini, mlango ukifunguka unakutoka mkononi, unakwenda wenyewe na uzito wake wote. Nilimtahadharisha kila abiria asishike ukingo wa mlango.

Vituko navyo havikukosekana. Vioo vya nyuma havikushuka kabisa, na changu kilishuka upana wa vidole vitatu. Trafiki akinisimamisha, sikuweza kushusha kioo chote nimpe leseni, nikawa nafungua mlango mzima. Wa kwanza aliruka nyuma akidhani natoka kumpiga. Baadaye nikawa nawapenyezea leseni kwenye kile kipenyo, wanauliza, "Mzee, kioo kibovu?" Nasema ndiyo, kibovu. Na ile siri ya kwamba hili ni gari la kawaida haikumaliza hata msimu mmoja. Wa kwanza kugundua ni waosha magari, waligonga kioo wakasikia hakilii. Wa pili ni fundi pancha, jeki yake ilipinda. Tunduma ikajua. Watu wakawa wanaonyeshana gari letu kwa kidevu.

Lakini nisilionee lile gari. Mjue na upande wa pili. Kuna siku, barabara ile ile ya Ndalambo, watu wawili walitokea kichakani mmoja akafyatua. Kioo cha upande wangu kikachora mchoro kama utando wa buibui, kikabaki pale pale. Mimi nikapita. Ningekuwa na lile gari la zamani, leo msingekuwa mnasoma haya. Hajati alishuka Tunduma akaligusa lile bonde dogo kwenye kioo kwa kidole, akaniambia, "Umeona, Nzunda?" Nilikuwa nimeona.

Basi nilitegemea kwamba sasa atatulia. Haikuwa hivyo. Alianza kukataa kushuka. Tukifika kijijini, wakulima wanakuja na sampuli zao, yeye amekaa ndani, wanapiga kelele kupitia kile kipenyo cha kioo changu, mimi nageuka namwelezea, yeye ananijibu, nami nawajibu wao. Biashara gani hiyo? Mzee mmoja wa Ndalambo, aliyekuwa akimuuzia tangu mume wake akiwa hai, aliniuliza, "Mama anaumwa?" Nikasema amechoka kidogo. Mwaka uliofuata maharage yake akampa mnunuzi mwingine.

Kisha Hajati akafanya badiliko moja zaidi. Akamwita fundi umeme, akamwambia kitufe cha kufungia milango yote kihamishwe kutoka kwangu, kiwekwe nyuma karibu na kiti chake. "Wakikuwekea bunduki, utafungua," aliniambia. "Mimi sitafungua." Nilimwelewa. Ila nilimwambia kwamba dereva asiyeweza kufungua mlango wake si salama. Akasema, "Utanizoea."

Sasa niwapeleke Ivuna.

Ilikuwa masika. Ufuta wa bonde ulikuwa umesifiwa, na Hajati alitaka kuwahi kuongea na wakulima kabla ya wanunuzi wa Mbeya. Tuliondoka asubuhi, Hamisi mbele kushoto kwangu, Hajati nyuma yake, na kitufe chake ubavuni. Kuteremka ukuta wa bonde kwa gari lile kulihitaji uvumilivu. Nilitumia njia niliyofundishwa na Mzee Sichone, dereva wa lori aliyenilea kazini: gia ndogo kabisa, mguu mbali na breki, injini ndiyo ishike gari. Na bado tulipofika chini pedi zilinuka. Tukasimama zipoe, tukaendelea.

Mbele tukakuta kijito kimefurika. Pana daraja la chini, lile la zege ambalo maji yanapita juu yake mvua ikinyesha. Maji yalikuwa ya kahawia, yanaenda haraka, ila hayakuwa marefu. Bodaboda lenye abiria na kuku lilipita mbele yetu, likavuka salama. Ng'ambo walisimama watu kama kumi hivi, wanaume kwa wanawake, wana majembe, mapanga, mmoja ana shoka. Wanasubiri maji yapungue waende mashambani, ndivyo nilivyoona mimi.

Mzee Sichone alikuwa na sheria moja kwenye maji: dereva ashuke, atembee kwa miguu yake kwanza, apapase kingo. Maji yanachimba chini ya zege na juu huoni kitu.

"Hajati, nifungulie nishuke nikaangalie."

"Hapana."

"Ni dakika tu. Gari hili ni zito, sijui kingo zikoje."

"Nzunda, huwaoni wale?"

"Nawaona. Ni wakulima."

"Na wa Ndalambo walitoka kwenye nini? Si kwenye mahindi? Ukishuka, mlango uko wazi. Kama hapapitiki, geuza."

Kugeuza hapakuwa na nafasi, tope pande zote. Kurudi kinyumenyume kwenye ule utelezi kwa uzito ule, tungelala mtaroni. Nilimtazama Hamisi, naye akaangalia maji. "Boda limepita," akasema, kama mtu anayejibembeleza mwenyewe.

Nikaingia polepole. Magurudumu ya mbele yakashika zege. Nilifika katikati. Halafu upande wa kushoto ukakatika. Sikusikia mlio, nilihisi tu usukani umekuwa mwepesi na mbingu imeingia kwenye kioo changu. Gari likalala ubavu wa kushoto, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Hamisi akawa chini, Hajati chini nyuma yake, mimi juu nimening'inia kwenye mkanda. Injini ikazima. Maji yakaanza kuingia kwa chini, baridi, na harufu ya udongo.

"Hamisi!" Hajati aliita.

"Nipo. Nimelalia mkono."

Ule mbovu. Hakuweza kujinyanyua.

Nilijitahidi kuusukuma mlango wangu uende juu, maana ndio uliokuwa unatazama mbinguni. Ulikuwa umefungwa na kitufe cha nyuma. Hata ungekuwa wazi, ule mlango wanaume wawili hawauinui, sembuse mimi nimekaa upande upande. Kisha kivuli kikapita juu yetu, na kingine. Wale watu wa ng'ambo walikuwa wameingia majini, wamepanda juu ya gari. Tuliwaona kupitia kioo, miguu, mapanga, vinywa vinafunguka na kufumba. Sauti haikupenya. Mmoja akainua shoka akapiga kioo kwa nguvu zake zote. Shoka likadunda. Akapiga tena. Mwanamke mmoja akapiga kwa jiwe.

"Wanavunja," Hajati akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya siku ya Ndalambo. "Ya Rabi, wanavunja."

"Wanatuokoa, Hajati. Bonyeza kitufe."

"Wana mapanga, Nzunda."

"Wametoka shambani! Bonyeza. Maji yakifika kwenye waya, umeme utakufa, na hiyo milango haitafunguka tena kwa mtu yeyote."

Taa za dashibodi zilikuwa zimeanza kupepesa. Nilijipinda nimfikie, mkanda ukanikaba. Nilimwona amekikinga kile kitufe kwa kiganja, kama mtu anayekinga mshumaa. Sitamcheka kwa hilo, na ninyi msimcheke. Hofu yake haikuwa ya kujitungia, alikuwa ameshika damu ya mdogo wake kwa mikono yake.

Aliyesema ni Hamisi. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni, ameinua uso, anaongea polepole ili asimeze.

"Dada. Mimi ndiye niliyepigwa. Si wewe. Mimi ninakuambia, fungua."

Halafu nikasikia mlio wa vyuma ukipita milango yote. Taa zikazima muda huo huo.

Niligonga kioo kwa ngumi na kuonyesha kitasa. Yule wa shoka akaelewa. Wakashika mlango, watu wanne, haukwenda. Wakaongezeka. Ukafunguka kidogo, sauti zikaingia kama redio iliyowashwa ghafla, "Vuta! Vuta! Leteni mti!" Wakausimamisha mlango kwa gogo. Nikakata mkanda kwa panga la mmoja wao, nikapanda, nikageuka kumvuta Hamisi kwa mkono wake mzima huku kijana mmoja mrefu, mfugaji, Masanja jina lake kama nilivyojua baadaye, amelala kifudifudi mlangoni anamshika kwapani. Hamisi akatoka. Akabaki Hajati. Yeye ndiye aliyekuwa mgumu, nguo zimelowa, miguu haina pa kukanyaga. Masanja akamshika, akamvuta mpaka kiunoni, na hapo gogo likateleza.

Mlango ulianguka. Masanja aliuona ukija juu ya kichwa cha Hajati, akatoa mkono mmoja akaupokea. Nilisikia mifupa. Hakupiga kelele, alivuta pumzi tu, na wenzake wakaunyanyua. Hajati akatoka, akakaa kwenye ubavu wa gari lake jeupe katikati ya maji, akiangalia ule mkono.

Masanja alipoteza vidole viwili. Hajati hakuondoka hospitalini mpaka kijana aliporuhusiwa, alikuwa akimpikia uji mwenyewe, na wauguzi walidhani ni mama yake.

Gari lilitolewa maji yalipopungua, kwa trekta na minyororo. Likakauka, likatengenezwa, na Hajati akaliuza. Aliyelinunua alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu wa kesi kubwa mahakamani, aliyekuwa akitafutwa yeye kwa jina lake na watu wenye silaha. Nilimweleza kila kitu, breki, milango, maji, mpaka Hajati akanikanyaga mguu. Yule bwana alisikiliza, akasema, "Mimi sisafiri vijijini. Natoka kwenye geti naingia kwenye geti, na wanaonitafuta hawataacha." Akalichukua, na sikuona kwamba amekosea.

Kwa hiyo kijana, ukirudi kwa bosi wako, muulize anatafutwa na nani. Kama kuna mtu anayemtaka yeye, na njia zake ni za lami, na yuko tayari kugharamia breki na bawaba kama mtu wa lori, na amekubali wewe dereva ujifunze upya, basi anunue. Na kitufe kikae kwako. Ila kama kazi yake ni kushuka sokoni, kushika mikono ya watu, kuvuka makorongo ya Momba masika, na anachohofia ni barabara fulani saa fulani, basi abadilishe saa, asafiri na wenzake, asibebe fedha, na aachane na chuma. Hayo ni yangu. Mwingine anaweza kuona tofauti.

Nimalizie na siku tuliyokwenda kwa Masanja. Alikuwa amesharudi nyumbani kwao, huko huko bondeni. Tulikwenda na pikapu ya mizigo, Hajati katikati yangu na Hamisi. Mama yake Masanja alitukaribisha, akatutolea maziwa. Masanja alikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa bandeji, anatabasamu kwa haya.

Tuliongea habari za ng'ombe, habari za mvua. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama kijana anayetaka kujua tu:

"Mama, siku ile mbona mlichelewa kufungua? Tuliwagongea sana."

Nikaangalia chini. Hamisi akakohoa.

"Niliwaogopa, mwanangu," Hajati akasema. "Nilidhani mmekuja kutuua."

Masanja akamtazama, kisha akaanza kucheka, akamgeukia mama yake akamtafsiria kwa Kisukuma. Yule mama naye akacheka, akiwa ameziba mdomo.

"Na sisi tuliwaogopa," Masanja akasema. "Gari jeupe, vioo vimefungwa, hakuna mtu anayetoka. Wenzangu walisema hao ni majambazi wa mjini, tukimbie. Tulibishana pale ng'ambo kwanza. Mzee wa shoka ndiye aliyesema, 'Hata kama ni majambazi, wanakufa maji.' Ndipo tukaja."

Hajati aliweka chini kikombe cha maziwa, akauchukua ule mkono wenye bandeji akaupakata mapajani mwake, akakaa nao hivyo mpaka jua likaanza kuinama na mimi nikasema jamani, tuna mlima wa kupanda.